Kamba Iliyolegea Njia ya Same

Viganja vya Eliufoo wa Chome vilikuwa vigumu kama ngozi ya kiatu. Tangu mwaka 1947 alikuwa na kazi moja tu, kufunga mizigo kwenye lori la kiwanda kilichopasua mbao za mti wa podo karibu na msitu wa Shengena. Lori lile halikuwa na mbavu. Nyuma ya kibanda cha dereva palikuwa na sakafu tupu, na mbao zote zilishikiliwa na kamba za katani mpaka stesheni ya Same.

Hakuna aliyemfundisha kiasi cha kukaza. Alijifunza kwa kuharibu. Alipokaza mno, ukingo wa mbao uliikata kamba, ndipo akaanza kuweka kipande cha gunia kwenye kila pembe. Alipolegeza, mbao zilitembea. Lakini kilichomsumbua zaidi ni ukungu. Asubuhi kule Chome kila kitu kimelowa, na kamba ya katani ikilowa hujivuta ikawa fupi. Unaikaza, unaipiga kwa kiganja, inalia kama ngoma. Ukishuka nayo kwenye jua inakauka na kulegea. Kwa hiyo kila safari, katikati ya mteremko, penye kijito, Eliufoo aligonga paa la kibanda mara mbili, lori likasimama, naye akazikaza kamba zote upya kwa kuzizungusha na fimbo fupi. Kazi hiyo ilichukua robo saa.

Dereva wake, Omari, mtu wa Pangani, aliichukia robo saa ile. Hakuwa mtu mbaya, ila mwenye kiwanda alikuwa akimkaripia kila behewa lilipoondoka Same bila mbao zao. Wiki moja kabla ya mkasa alimwambia Eliufoo, mbele ya wapakiaji, kwamba anagonga kwa woga tu, na kwamba kamba iliyofungwa vizuri haihitaji kufungwa mara mbili. Wapakiaji walicheka.

Ijumaa moja ya Novemba 1952 walichelewa kuondoka. Hedwiga, mjane aliyeishi jirani na Eliufoo, aliomba apelekwe Same na kapu lake la maharage, wakampandisha juu ya mbao. Eliufoo alikaa pembeni yake. Waliteremka wakiwa wanaongea habari za mvua. Walipokaribia kijito aliitazama kamba ya nyuma, akaona inacheza. Aliinua mkono agonge. Akakumbuka kile kicheko, akaushusha. Lori likapita.

Kwenye kona ya tatu mbao za juu ziliteleza zote kwa pamoja. Eliufoo alirukia upande wa mlima. Hedwiga alianguka nazo. Watu waliokuwa wakilima hapo karibu walikuja kuzinyanyua, wakamkuta hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umepondeka. Hospitalini waliukata chini ya goti.

Jioni ileile, kabla hawajaingia kituo cha polisi kuandikisha maelezo, Omari alimvuta Eliufoo kando.

"Sema mama aliifungua kamba apate pa kuegesha kapu lake," alisema. "Yeye hatafungwa. Sisi tutafungwa."

Eliufoo akasema hivyo. Askari akaandika, naye akatia sahihi.

Habari zilipanda mlimani kabla yake. Mkewe, Ernesta, alimtengea chakula, akasubiri watoto watoke nje.

"Baba Rogathe, ni kweli Hedwiga aliifungua kamba?"

Alimjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Ernesta hakuuliza tena, na kwa wiki tatu waliongea mambo ya shamba tu. Jumapili Eliufoo hakwenda kanisani. Alisema kifua kinambana.

Siku ya kesi ya ajali ile, mahakamani Same, kaka yake Hedwiga alimleta amembeba mgongoni, akamketisha kwenye benchi. Hakimu alimuuliza kama aliigusa kamba. Eliufoo alitegemea akane kwa hasira, na kwa hasira hiyo alikuwa amejiandaa.

"Labda niliigusa," alisema Hedwiga. "Wamesema niliigusa, na wao walikuwa wazima. Mimi siku ile siikumbuki vizuri."

Eliufoo alisimama bila kuitwa. Karani akamwambia akae, hakukaa.

"Hakuigusa," alisema. "Ililegea kwa jua. Niliiona inalegea, na sikugonga."

Omari aliinamisha kichwa. Alinyang'anywa leseni, akarudi pwani. Eliufoo alifungwa miezi miwili kwa maelezo ya uongo, na kiwandani hakurudishwa. Ernesta alikuja kumtazama gerezani mara mbili, akitembea kwa miguu kutoka mlimani, na mara zote mbili alimletea habari za nyumbani bila kugusia kesi.

Alipotoka, alikwenda kwa Hedwiga kabla ya kufika nyumbani kwake. Alimkuta ameketi barazani anachambua maharage, mkongojo umeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Eliufoo alianza kuomba radhi, akavuruga maneno, akaanza upya. Hedwiga alimwacha amalize.

"Mguu nitauzoea," alisema. "Lakini mlinifanya nijishuku. Nililala hospitalini nikijiuliza kwa nini niliifungua ile kamba. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kitu ambacho sikukifanya. Hilo sijui nilipeleke wapi."

Eliufoo aliuliza kama shamba la mama yule la kule bondeni limelimwa. Halikuwa limelimwa. Kesho yake alikwenda na jembe, na msimu uliofuata pia, na miaka sita baada ya hapo. Hedwiga alikuwa akimwelekeza kutoka barazani, kabla hajashuka, mistari ipi ni ya maharage na ipi ya mahindi. Hakuwahi kumkaribisha ndani, na Eliufoo hakuwahi kungoja akaribishwe.