Nilififisha comments kwenye editor yangu, mama mkubwa akapata msiba kwa SMS

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, saa tatu asubuhi, tulimpoteza kaka Hamisi hospitalini Msambweni.

Salamu kwenu wakuu. Haya nayaandika yalivyokuwa. Waliokuwepo wanajua, na mimi ndiye ninayeaibika kwayo.

Hamisi ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Mimi niliishia form four. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika code, kwenye cyber yake ndogo pale Ukunda.

Alitengeneza program ya ukoo. Mtu akifariki, unafungua faili kwenye editor, ile program ya kuandikia code, unaandika jina la marehemu na mahali pa maziko, unabonyeza run. SMS inawafikia wote.

Sasa kosa langu.

Napenda screen iliyotulia. Theme nyeusi, pembeni pasiwe na kitu. Comments, yale maelezo anayoyaacha mwandishi wa code kwa atakayeisoma, nilizipa kijivu hafifu, karibu zipotelee kwenye ule weusi. Niliona zinanichosha macho.

Hamisi alikuwa akinicheka.

"Editor yako kama mikahawa ya watalii Diani. Giza tupu, mtu hakioni anachokula!"

"Nakiona, kaka. Kinachofanya kazi ni code, si maelezo."

"Haya bwana. Siku moja utameza mwiba."

Jicho likazoea. Likifika kwenye kijivu, linaruka. Sikuwa nikiamua kuruka, wakuu. Mkono wenyewe ulikuwa ukiteremsha ukurasa.

Niwaeleze jambo moja. Kwetu mama hapelekewi msiba wa mwanawe kwa simu. Huendewa na watu wazima, wakaketi naye, mmoja akamshika mkono, ndipo akaambiwa.

Asubuhi ile mjomba Nasoro na shangazi wawili walikwishaondoka kwenda Kikoneni kwa mama mkubwa. Maziko yalikuwa alasiri. Mjomba akaniachia neno: "Wewe utangazie ukoo."

Nikafungua faili. Nikaandika jina la kaka yangu. Nikabonyeza run.

Namba ya mama mkubwa ilikuwemo.

Haikupita nusu saa, mjomba akapiga.

"Ni nani aliyemtumia mama yenu ujumbe?"

"Mjomba, mimi nimeutangazia ukoo, kama ulivyosema..."

"Tumemkuta shambani peke yake. Ameketi kwenye matuta ya muhogo, simu mkononi."

Akakata.

Mama mkubwa alijifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru. Husoma polepole, akitamka kila neno. Kwa hivyo jina la mwanawe alilitamka mwenyewe, huko shambani.

Nilirudi kwenye faili, nikairudisha rangi. Juu ya orodha ya namba, Hamisi alikuwa ameandika:

"Msiba ukiwa wa nyumbani kwetu, iondoe namba ya mama kwanza. Mama aendewe na watu."

Maneno hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Kila msiba nilipita juu yake.

Siilaumu editor. Ilinipa nilichoiomba. Lakini nimejifunza kwamba ukikififisha kitu mbele ya macho yako kila siku, mwisho unafanya kazi kama hakipo. Siku hizi comments zangu ni za manjano makali. Zinanichosha, na nasoma.

Ninyi wenzangu mmezipa rangi gani zenu? Semeni. Hata wa kunikaripia, nitamsoma.

Siku ya arobaini nilikwenda Kikoneni na laptop.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Akasema, "Nionyeshe alivyoandika."

Nikayakuza maandishi. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma, neno moja moja. Alipofika kwenye "mama" kidole kikasimama. Akakirudisha kidole mwanzo, akasoma tena.