Daktari Alisema Khabithi

Mie ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Tulipofika Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya kuikimbia Unguja, mama na mdogo wangu hawakuwa na Kiarabu ila cha kwenye sala. Mie nililelewa na bibi mzaa baba, ambaye Kiswahili hakukitaka hata kukisikia, basi Kiarabu nilikuwa nacho. Na nikijiona, wallahi! Sokoni mie, kwa majirani mie.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa alipotokwa na uvimbe mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Mama akaukanda kwa mafuta ya moto mpaka mtoto wa watu akalia. Haukupungua. Nikampeleka hospitali, wakamtoa kipande cha nyama wakapime, tukaambiwa turudi baada ya wiki kadhaa.

Siku tuliyorudi daktari alinitazama mie, si yeye. "Waram khabith," akasema. Uvimbe mbaya, maana yake, saratani. Apasuliwe wiki ileile, huenda mkono ukasalimika.

Mdogo wangu alidaka neno moja tu. Na sie kwa Kiswahili chetu khabithi tunamjua: mtu mwovu, asiye na haya wala imani. Uso ukamshuka.

"Dada, kaniita khabithi? Nimemfanya nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Si wewe, ni ugonjwa. Basi. Lakini angeniuliza ugonjwa gani, na saratani kwetu haitajwi, ukiitaja umeiita. Nikaona heri amchukie daktari kuliko aogope kufa.

"Achana naye, hana adabu," nikamwambia. "Twende zetu."

Nikajiona mjanja, mpumbavu mie! Nilidhani nitamtuliza siku mbili tatu, kisha nimrudishe. Akakataa katakata. Harudi kwa mtu aliyemtukana, na mama akamuunga mkono, maana naye nilimficha. Kila nikitaka kusema, najiambia kesho. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi yenyewe hayakuwa yangu. Miezi mitatu ikapita, uvimbe ukawa kama chungwa, vidole vikafa ganzi. Tulipomrudisha, daktari akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Hilo nalo sikulitafsiri. Mkono wakaukata begani.

Akapona, namshukuru Mungu. Lakini kupona nako kuna kazi yake. Alijifunza upya kuandika, kwa kushoto. Kwenye sinia hakukaa tena na watu. Kula kwa kushoto aliona haya, akawa anakwenda na chakula chake chumbani. Mie nikimchana nywele, nikimfunga vifungo, na majirani wakinisifu: dada kama huyu, Mungu amlipe kheri. Nikiinamisha kichwa, wao wakidhani ni unyenyekevu.

Kiarabu alijifunza mwenyewe, kwa hasira. Mwaka wa sitini na nane akaja mgeni, mwanamke wa mji wa Sib, kutueleza habari za wifi yake aliye hoi kitandani. Ana maradhi khabith, akasema yule mgeni, kama wasemavyo wenyeji wote. Mdogo wangu akaacha kumimina kahawa. Akangoja mpaka mgeni akaondoka.

"Kumbe ni jina la ugonjwa."

"Ndiyo."

"Na siku ile ulijua?"

Nikasema nilijua. Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele mtaa mzima usikie, nami niaibike mchana kweupe. Hata sauti hakuipandisha.

"Mie nilidhani daktari kaniona ndani," akasema. "Nikasema labda nna dhambi niliyoisahau, ndiyo maana mkono umekwenda. Tangu siku ile kila nikisali naomba maghufira, kwa sauti. Na wewe, dada, umekaa ubavuni mwangu ukiitikia amina."