Mwalimu wa kompyuta Korogwe na wivu wa mwanafunzi wake

Saa mbili asubuhi, kwenye steshenari yake karibu na stendi ya Korogwe, Grasiana Simeo anachomoa flashi ya mteja, anaipuliza, anaichomeka tena. Haisaidii. Mafaili yametoweka, vimebaki vialama vyenye mshale, na akibofya kimojawapo kompyuta inanuna.

Mteja ni mwalimu Mhina wa Mnyuzi. Mle ndani mna mitihani ya darasa la saba, haina nakala kwingine, na inafanywa Jumatatu.

"Mama, si juzi nilichapa hapahapa ikiwa nzima?"

"Nivumilie kidogo, mwalimu."

Grasiana anajua kilichotokea. Kompyuta ilikuwa inajikokota, kazi zimejaa, akaizima programu ya kuzuia virusi. Sasa kila flashi inayoingia humu inatoka na ugonjwa.

Ana miaka 46, mjukuu wa mkata mkonge, na alianza kazi hii wakati virusi vilipokuwa na mbwembwe. "Herufi zilikuwa zinaporomoka kwenye skrini, mashine inapiga muziki. Unajua kabisa umevamiwa. Vya siku hizi vinaingia kimyakimya."

Miaka sita iliyopita alianzisha kundi la WhatsApp la wenye steshenari wa Korogwe na Handeni. Aliweka masharti mwenyewe: salamu kwanza ndipo swali, usisambaze onyo la virusi usilolihakikisha, asiyejua asichekwe. Na swali la kazi liulizwe mbele ya wote, si faragha, ili kila mtu ajifunze.

Zamani ujumbe ulianza na "Mama Grasiana, tusaidie." Siku hizi ni "Naanyu, upo?"

Naanyu Loishiye ana miaka 27 na steshenari yake iko Mkata. Kwao ni wafugaji, na kompyuta alifundishwa na Grasiana, kwenye kiti hikihiki.

"Hata mausi alikuwa anaogopa kuishika. Leo mtu akiuliza, kabla sijavaa miwani yeye ameshajibu, na watu wanammwagia maua. Inaniuma. Nikikataa nitakuwa nadanganya."

Na asubuhi hii hana pa kukimbilia ila kwa huyohuyo. Anamwandikia faragha. Jibu linarudi upesi: "Shikamoo mwalimu. Naomba uulize kundini, nitajibu hapohapo. Ndivyo ulivyotufundisha, na wengi wamepatwa na hili."

Grasiana anasonya. "Ananikomoa huyu."

Anaandika, anafuta. Anaandika tena. Mwalimu Mhina anaitazama tu flashi yake, na hilo ndilo linalomshinda Grasiana. Anatuma:

"Habari za asubuhi, wenzangu. Mashine yangu ina kirusi kinachomeza mafaili. Kinga niliizima mwenyewe. Aliyechapa kwangu wiki hii asiichomeke flashi yake popote. Naomba msaada."

Anaugeuza uso wa simu chini, kisha anaugeuza tena juu.

"Shikamoo mwalimu," anaandika Naanyu, mbele ya watu wote. "Mafaili hayajafutika, yamefichwa tu." Anaeleza la kubofya, moja baada ya jingine, polepole, kama alivyoelezwa yeye zamani. Grasiana anafuata. Mitihani inajitokeza yote.

"Mungu mkubwa," anasema Mhina na kuvuta kiti akae.

Halafu maua yanaanza kumiminika kundini, mekundu na ya njano. Grasiana anayapitia yote hadi chini. Yote ni ya Naanyu.

"Umeona?" anasema. "Aliyejianika ni mimi, wa kupongezwa ni yeye."

Naanyu ameahidi kuja Jumamosi kuisafisha mashine, na mpaka siku hiyo Grasiana hapokei flashi ya mtu. Ameshapanga atakapokaa yeye: ubavuni kwa Naanyu, miwani machoni, aone kila anachobofya.

"Chai nitampikia, na maandazi. Ni mwanangu yule, sina ugomvi naye," anasema. "Lakini hatoki humu mpaka nijue yote anayoyajua. Halafu tuone watakuwa wanamwita nani."