Baba Mkwe na Chakula cha Kimeksiko

Mume wangu ana ugonjwa wa vitu vipya. Mgahawa wa Kimeksiko ulipofunguliwa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, hakutulia mpaka Jumamosi moja mchana aliponipeleka. Nilivaa suruali ya jinzi na kupaka rangi ya mdomo, nikajiona mtu wa maana.

Menyu ilikuwa na majina marefu. Kilicholetwa ni chapati ya jana iliyokunjiwa maharage ya kopo, na pembeni parachichi lililopondwa. Parachichi, huku kwetu Rungwe, ambako tunagawiana bure mpaka majirani wanatukimbia, nikaletewa kijiko kimoja kwenye kibakuli kama dawa ya kikohozi. Nilikula nusu kwa hasira. Nilikuwa najiandaa kumpa mume wangu vidonge vyake, ndipo nikamwona baba yake anavuka barabara, anakimbia mvua, anakuja moja kwa moja kwetu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameacha, yeye hajaacha. Miaka kumi na mmoja nampikia, lakini chakula anapelekewa na mama mkwe. Tukikaribia kukutana njiani, mmoja wetu anaingia migombani. Kunikuta pale na suruali, natafuna mbele ya watu, kungemwaibisha yeye kuliko mimi, na mzee yule nampenda. Mlango ulikuwa mmoja. Nikakimbilia jikoni.

Nikachungulia kupitia pazia. Baba mkwe alikaa kwenye kiti changu, akatazama sahani mbili.

"Zote zako?"

"Nina njaa, baba," mume wangu akasema, akazivuta zote upande wake.

Hakuwa na ujanja. Asingeweza kumwachia baba yake mabaki yangu, wala kusema ni ya nani. Akala yake, akala na yangu, huku akishushia maji kila tonge. Nakiri nilifurahi sana.

Mzee naye akaagiza kile kile. Alipoonja mara moja, akaisukuma sahani taratibu.

"Binti, hiki kirudishe. Niletee chakula."

Mhudumu akaingia jikoni amechanganyikiwa. Mpishi alikuwa amekaa kwenye ndoo anakula ndizi kutoka kwenye sufuria.

"Hizo ni za wateja?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Hizi zetu sisi wafanyakazi. Hicho cha kule hatukiwezi."

Nikamnyang'anya sufuria. Nikakaanga kitunguu na nyanya, nikamimina ndizi, nikaponda kidogo, nikaongeza chumvi. Juu nikaweka pilipili mbichi nzima, isiyopasuliwa, kikonyo kikiangalia mlaji. Mikono ilifanya kazi yake ya kila jioni bila kuniuliza. Mhudumu akaondoka na sahani.

Baba mkwe alichota kijiko kimoja, akaacha kutafuna. Akaitazama ile pilipili. Akamtazama mwanawe, kisha zile sahani mbili tupu. Nikajua nimejikamatisha mwenyewe. Angeweza kuinuka na kuondoka, na kuanzia kesho yake nisingejua niweke wapi uso wangu.

Hakuinuka. Alikula polepole mpaka akakwangua sahani, kisha akamwita mhudumu kwa sauti ya kufika jikoni.

"Mwambie mpishi mvua imekatika. Kama ana safari, aende tu."

Kisha akakigeuza kiti chake, kikakwaruza sakafu. Akauelekea ukuta uliobandikwa picha ya mwanamume mwenye kofia pana amesimama kando ya mti wa miiba. Akakaa hivyo, mikono magotini, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Wateja wengine wakamtazama. Mzee anayeheshimiwa mjini kote, amegeukia ukuta mchana kweupe ili mimi nipate njia.

Nilivua viatu, nikapita nyuma ya mgongo wake. Mume wangu alikuwa ameinamia meza, sijui ni kwa aibu au kwa shibe. Nilipofika mlangoni nikasikia mzee anasema, "Ndaga."

Ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinyakyusa. Aliiambia ile picha. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunipa neno, na mila haikuniruhusu kumjibu. Nilitoka na viatu mkononi, nikalia njia nzima mpaka nyumbani Makandana.