Makalio ya Kuchapia

Mama Majani, fundi cherehani aliyechoka kushona, siku hizi huchapa picha za majani kwenye vitambaa. Mashine hana. Hulipaka rangi jani la mpapai, hulilaza kifudifudi juu ya kitambaa, hulifunika kwa gazeti, kisha hulikalia huku akinywa chai taratibu. Akiinuka, kila mshipa wa jani umetokea.

Wifi yake, mwembamba kama sindano, miaka nenda miaka rudi alimcheka makalio. Vitambaa vilipoanza kugombaniwa, akaja na ulimi wa asali kuomba afundishwe. Akapewa jani, akalikalia, akainuka. Kitambaani kulikuwa na alama kama nzi kapita.

"Nimekosea wapi, wifi?"

"Hujakosea kitu. Mashine ndiyo ndogo. Nenda ukale, urudi mwakani."