Mama wa Bweni Aliyefunga Madirisha

Kavata wa Kivuva alikuja Tseikuru kutoka Matinyani mwaka wa hamsini na tatu, mjane asiye na mtoto, amechoka kuambiwa na mashemeji zake kwamba shamba la marehemu lina wenyewe. Alisikia kuna shule mpya ya bweni huko kaskazini, ya watoto wa wafugaji wanaohamahama, na kwamba inatafuta metroni, mwanamke wa kuwalea bwenini. Wenzake walimcheka. Walimwambia huko ni jua na miiba tu, na watoto wenyewe wamezoea maziwa ya ngamia, hawajui hata mahindi ni kitu gani. Kavata alifunga mzigo wake akaenda. Hakuwa na mbele wala nyuma, sasa miiba ingemfanya nini?

Hedimasta, Mwalimu Muthama, alikuwa mtu mwema, mwenye kaptula iliyopigwa pasi saa zote na hofu ya wakaguzi isiyomtoka moyoni. Yeye alifundisha, akatibu vidonda, akaenda mwenyewe kuomba chakula mjini Mwingi. Kazi iliyobaki yote ilikuwa ya Kavata, na usidhani ilikuwa ndogo. Wiki za kwanza watoto walikataa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Mkamba akiyapata na kunde hana shida na mtu. Waliyatazama kwenye sahani kana kwamba wametiliwa mchanga. Kavata hakuwagombeza. Alimwendea Aftin, mfanyabiashara wa mifugo pale sokoni, ambaye ndiye aliyewashawishi wazazi wengi wawalete watoto, akamsumbua mpaka akaipatia shule mbuzi wa kukamwa. Muthokoi yakamiminiwa maziwa, na sahani zikarudi tupu.

Mwaka wa pili akaletwa Ambiyo, msichana mwembamba wa miaka tisa hivi. Mama yake, Mumina, alimfikisha mwenyewe kwenye kisima kilichochimbwa mchangani katika mto mkavu, mwendo wa siku nzima kutoka shuleni, na Kavata akaenda kumpokea pale pamoja na Aftin. Mumina hakujua Kiswahili. Alimshika Kavata mkono akasema maneno marefu, Aftin akayafupisha: shule ikifungwa, wewe mwenyewe umrudishe mikononi mwangu, hapa hapa au popote nitakapokuwa. Kavata akakubali kwa moyo wake wote. Familia nyingine zilikuwa zikimtazama Mumina. Ambiyo alikuwa msichana wa kwanza wa watu wa ngamia kutolewa kwenda kusoma, na kila mtu alijua kwamba akipatwa na lolote, watoto wengine wataondolewa na Muthama atabaki kuyafundisha madawati.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mwezi wa kumi na moja. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ng'ambo ya mto Tana, na jioni, watoto wakishamaliza kula, radi zikawa zinamulika mbali kule. Hapo watoto wote walikuwa wakiruka kutoka vitandani na kujazana madirishani, wakisukumana, wakinyoosha vidole, wakibishana kwa lugha yao kwa sauti za juu. Kavata aliona hofu tu. Dada yake mdogo aliuawa na radi akiwa mlangoni kwao Matinyani, na tangu siku hiyo, wingu likinguruma, yeye hufunga kila kilicho wazi na kufunika kila sufuria inayong'aa. Basi akawa anapita bwenini, anayafunga madirisha yale ya mbao, anatia komeo, kisha anakaa katikati ya watoto akiwaimbia nyimbo za Kikamba ili moyo uwatulie. Ambiyo alikuwa akimvuta kanga na kusema maneno ambayo Kavata hakuyaelewa. Kavata alimkumbatia, akamwambia asiogope.

Shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, watoto wengine wote walichukuliwa na jamaa zao waliokaa karibu na soko. Ambiyo peke yake ndiye aliyebaki kusafirishwa. Kavata alipakia maji juu ya punda, Aftin akafuatana nao kwa kuwa alikuwa na mbuzi wa kununua njia ile, wakashika njia ya kisimani.

Walikuta boma la miiba limeanguka na majivu ya zamani. Hapakuwa na ngamia, hapakuwa na mtu. Kavata aliita mpaka koo likamkauka. Aliwaza kwamba wameuawa, kisha akawaza kwamba mtoto ametupwa, na wazo hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Ambiyo alikuwa ameketi juu ya jiwe moja la mafiga, hashangai. Kiswahili alikuwa amekishika kiasi kwa miezi ile ya shuleni.

"Mvua ikinyesha, mama anaenda huko," alisema. "Sisi tulikuwa tunaangalia ni wapi. Wewe ukafunga dirisha."

Aftin alimgeukia Kavata kwa mshangao wa kweli. Alimweleza kwamba radi ya mbali ndiyo inayowaonyesha watu wa ngamia malisho yatakapoota, kwa hiyo mtoto aliye mbali na kwao hutazama inamulika upande gani, akajua mama yake atakuwa wapi. Jambo hilo kwake lilikuwa wazi kama mchana, hata hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kuelezwa. Lakini sasa mvua ilikuwa imeshanyesha sehemu nyingi, na yeye alikuwa amelala sokoni siku zote hizo, hakutazama lolote. Nchi ilikuwa pana, kisima kilikuwa kimefukiwa na mchanga, na maji yaliyobaki juu ya punda yalitosha kuwarudisha tu.

Wakarudi. Likizo ile Ambiyo alilala chumbani kwa Kavata. Kila jioni alisimama kwenye ua wa shule ameelekea upande wa Tana, akalia bila kelele, mabega yakimtikisika, na Kavata akakaa naye mpaka amalize. Mchana alimsuka, akampikia uji wa mtama, akamfundisha kusuka kikapu cha kiondo. Na niseme ukweli kwa niaba yake: ziko siku alipomtazama mtoto yule akisuka, akatamani Mumina asitokee kamwe. Kisha alijichukia kwa kuwaza hivyo.

Habari ilienea visimani kwamba shule imempotezea mtoto njia ya kwao. Maji yalimfika Muthama shingoni. Aliposikia kwamba Mumina yuko njiani, anakuja kwa miguu, anauliza kila kisima, alimwita Kavata ofisini akamsihi. Asiingize habari ya madirisha. Amwambie mama yule kwamba mtoto alikuwa na furaha, alicheza, alishiba, hata hakukumbuka nyumbani. Mumina akimchukua, alisema, basi wote watafuata, na hata wewe Metroni utarudi kwa mashemeji zako. Hilo la mwisho Kavata alijua ni kweli.

Mumina alifika asubuhi, vumbi hadi magotini. Alimshika mwanawe usoni, akamgeuza huku na huku, akamtuma nje. Muthama alimpa kiti na chai. Hakukaa wala hakunywa. Aliuliza neno moja, na Aftin akalifasiri kwamba anataka kujua kama mtoto alilia.

Muthama akawahi kujibu kwamba hapana, mtoto alikuwa akicheka siku zote. Mumina hata hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Kavata.

"Alilia," Kavata akasema. "Kila jioni. Mimi ndiye niliyemfungia madirisha, hakuona mvua imeenda wapi."

Aftin alisita, lakini akayafasiri yote. Muthama aliinamisha kichwa kama mtu anayengoja fimbo. Mumina akavuta kile kiti akaketi, na safari hii alimwambia Aftin afasiri kila neno, asipunguze.

"Mngeniambia hakulia, ningeondoka naye sasa hivi. Ningejua mnanidanganya, au amenisahau. Alinililia na huyu mama akamwona. Basi nitamwacha."

Alilala pale siku chache, akala muthokoi ya maziwa akayasifu kidogo, kwa adabu. Shule ilipofunguliwa, watoto wote walirudi, na wawili wapya juu yao. Siku ya Mumina kuondoka, Ambiyo aliangua kilio kwa sauti, mbele ya watoto wenzake na mbele ya mwalimu. Mumina aliendelea kutembea, lakini polepole, ili amsikie mwanawe kwa muda mrefu zaidi. Muthama alitoka mlangoni akamwashiria Metroni amnyamazishe mtoto, masomo yanaanza. Kavata hakumnyamazisha.