Ngozi za Awadh

Mume wangu Kondo alikuwa fundi ngoma, na Temeke nzima hukumpata wa kumfikia. Enzi zile za Mwingereza, vyama vyote vya ngoma vilimfuata yeye. Lakini ubishi! Ngozi alichukua kwa Awadh tu, muuza nyama wa karibu na msikiti. "Awadh anachuna vizuri, kisu chake hakitoboi." Nikimwambia, "Baba Mwajabu, wachinjaji wako wengi," weee! Ungedhani nimemtukana mamaye.

Basi Awadh akaoa Keko. Na hao wa Keko ndio mahasimu wetu. Jumapili ile tulikuwa tushindane nao, na ngoma kubwa ya chama chetu ilikuwa bado kuwambwa. Kondo akaenda kwa Awadh, akarudi mikono mitupu. Mashemeji zake wa Keko wamezikomba zote! Akazunguka kwa wachinjaji wengine, nao wana wateja wao. Yeye hata salamu hakuwahi kuwapa. Akajitupa kitandani, kajifunika shuka gubigubi. Ngoma ikikosekana, nani angempa kazi tena? Nilimhurumia, na hasira zilinijaa.

Nikajifunga kibwebwe, mie huyoo, mpaka Mtoni kwa Fransis. Yeye Mnyamwezi, sie Wazaramo, watani. Beberu wake kafungwa mlangoni. Nikafungua kamba.

"We mwanamke, mwizi!"

"Mwizi babu yako! Mie mtani wako nimechukua, una la kusema?"

Angenishtaki wapi? Utani ndivyo ulivyo, mtani huchukua cha mtani. Akanifuata njia nzima akinitukana, nami namrudishia, watu hoi kwa kicheko. Kondo akatoka kitandani kuchinja. Fransis akashika miguu, huku akidai maini yote ni yake.

Ngozi ikawambwa mbichi, jua likaikaza. Jumapili Kondo alipoipiga, niliisikia mpaka kifuani. Fransis akaruka uwanjani: "Mbuzi wangu huyo! Mnamsikia?" Keko wenyewe walicheka hadi mapigo yakawapotea. Tulishinda, na mie nililia kwa furaha mbele za watu.

Wiki iliyofuata Awadh akaja, ngozi safi begani, macho chini. "Kondo ndugu yangu, mashemeji walinikaba."

Kondo akamkaribisha kahawa. Uani tayari zimeanikwa ngozi za wachinjaji watatu aliokwenda kuwasalimu mwenyewe, mtaa mzima unanuka.

"Ianike pale mwisho," akamwambia, "baada ya hizo."

Mume wangu yule mbishi! Nilicheka nikamwaga kahawa.